Mama yake alikukosea nini? Niliyowaambia vijana kuhusu matusi na viapo

(Haya niliyaongea Jumamosi mchana kwenye kongamano la vijana, usharika mmoja huku Ilala. Nimeyaandika kutoka kwenye kikaratasi nilichokuwa nacho mkononi na mengine kichwani, kwahiyo msishangae yakirukaruka, hata siku yenyewe yalirukaruka.)

Bwana Yesu asifiwe. Tena, Bwana Yesu asifiwe sana. Haya kaeni, na nyie mliobanana pale mlangoni sogeeni huku mbele, najua mnatega upepo lakini mkikaa huko hamtanisikia na mimi sina sauti ya kwaya.

Mchungaji alivyonipigia simu akasema mzee tunataka uje uongee na vijana, mada ni je kutukana ni dhambi kwa Mkristo, nikamuuliza kwanini mimi, wapo wainjilisti, wapo watu wamesoma teolojia mpaka Makumira, akacheka akasema wewe una uzoefu. Sasa huo uzoefu ni nini, ni kwamba kabla sijafungua hiki kibanda changu cha spea nilikuwa konda miaka saba, gari ya Gongo la Mboto kwenda Posta. Yaani mchungaji alinitukana kwa adabu kabisa na mi nikasema ahsante. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Hii mada imetoka kwenu wenyewe. Nimeambiwa kuna klipu ya muhubiri wa Marekani ilizunguka kwenye grupu lenu la wasapu, anaulizwa kama Mkristo akijigonga nyundo kwenye kidole akatamka neno bovu amefanya dhambi au hajafanya, na nyie mkabishana siku tatu mpaka admini akafunga grupu. Nimeiangalia. Yule baba anaongea vizuri, ila nikawa najiuliza, hivi hili swali lake ndo swali letu? Maana Wazungu wa Kiingereza wana neno moja tu, swear, ukitukana ni hilohilo, ukiapa mahakamani ni hilohilo, wanalitumia kote kote. Sisi tuna kutukana, tuna kuapa, tuna kulaani, na hatuchanganyi, hata mtoto wa darasa la pili anajua kwamba "kaniapia" sio "kanitukana". Alafu hata hayo matusi yao mengi ni neno limekaa peke yake, mtu kajikwaa kaliachia hewani, halijamfuata mtu.

La kwetu haliendi hewani. Mnajua ninachosema, sitalitamka humu ndani, kuna akina mama wako jikoni wanapika pilau yenu wanasikia. Tusi la Kiswahili lile lenyewe, la nguoni, lile likitoka stendi watu wanageuka, lina anwani. Linamwendea mama wa mtu. Kila mara. Umekanyagwa mguu, mama. Umenyimwa chenji, mama. Refa kakataa goli pale kwa Mkapa, mama yake refa ambaye pengine hata mpira haangalii. Hata neno nyoko, kalitazameni asili yake, wazee walikuwa wanalisema kama tunavyosema leo mamako, basi, mama yako. Limetukanwa mpaka lenyewe limekuwa tusi, leo ukimwambia mtu hivyo unashikwa shati.

Ngoja niwape kisa changu maana ndo nilichoitiwa.

Ilikuwa Jumatano, mvua, ile mvua ya Dar ya mwezi wa nne ambayo Jangwani hapapitiki na foleni inaanzia unapoamkia. Tumetoka Posta gari imeshona, kuna mama kapanda na ndoo ya samaki katoka nayo Feri, ile ndoo nyeupe ya rangi yenye mfuniko, kaifunga kanga juu. Kanipa noti ya mia tano. Nauli nikakata, mia mbili na kitu yake ikabaki, nikamwambia chenji baadae mama. Mnajua chenji baadae ya konda, ni sadaka. Tumefika Buguruni anashuka, akasimama mlangoni na ndoo yake kichwani, maji ya samaki yanamdondokea begani, akasema sishuki bila mia mbili yangu. Suka anapiga honi, gari za nyuma zinapiga honi, hesabu ya bosi haijatimia, na mimi siku hiyo sijala. Nikamshusha. Sikumsukuma, nilimshusha kwa mdomo. Nikampa lile tusi zima zima, la mama, na maelezo. Gari nzima kimya. Mtoto mmoja wa shule akacheka. Yule mama hakunijibu kitu, aliweka tu vizuri ile kata kichwani, akashuka, gari ikaondoka.

Jumapili nimekwenda kanisani kama Mkristo mwingine yeyote. Nilikuwa nasali, ee, msidhani makonda hatusali. Ibada ikaisha tukatoka nje kwenye mnada, mnaujua mnada wetu, kuku, mayai, mkungu wa ndizi, miwa. Nikaipenda trei ya mayai. Mnadishaji anaita elfu tano, nani ataongeza, nikanyoosha mkono nikasema elfu tano na mia tano. Nikasikia sauti nyuma yangu, ya taratibu tu, inasema "mwongezee na mia mbili huyo, ni ya kwangu, anayo tangu Jumatano."

Watu wakacheka wakadhani ni utani wa mnada. Nikageuka. Kwaya ya akina mama, kitenge cha bluu, kitambaa kichwani. Yule yule.

Mayai sikununua. Nilimsubiri mpaka watu wakapungua nikamfuata pale kwenye mwarobaini, nikamwambia mama samahani, nikatoa elfu moja. Akachukua mia mbili yake, iliyobaki akanirudishia, chenji kamili, ndo ujue mtu ana heshima. Alafu akaniambia hivi, nanukuu maana sijasahau hata neno: "Mimi mwanangu nimeshakusamehe. Ila yule uliyemtaja ni mama yangu mzazi, yuko Lushoto, mzee hata kutembea anashikwa mkono, Dar hajawahi kufika. Yeye alikukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Kwahiyo mkiniuliza mimi, tusi ni dhambi au sio dhambi, naanzia hapo, kwa bibi wa Lushoto. Neno limetua wapi? Limempiga nani? Paulo anawaandikia Wakolosai, sura ya 3 mstari wa 8, "yawekeni mbali nanyi haya yote, hasira, na ghadhabu, na uovu, na matukano, na matusi vinywani mwenu." Ona alivyolipanga, matusi ni ya mwisho, mbele yake kuna hasira, kuna ghadhabu, kuna uovu, yaani tusi ni moshi, moto uko nyuma huko ndani. Na Yakobo sura ya 3 anasema kwa ulimi huu huu tunamhimidi Mungu na kwa huu huu tunawalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wa Mungu. Hoja ya Yakobo sio kwamba neno ni chafu, hoja yake ni yule mtu. Ana sura ya Mungu. Konda ana sura ya Mungu, trafiki ana sura ya Mungu, hata huyo bodaboda aliyekukwangua kioo, ndiyo, inauma lakini anayo.

Sasa kuna kijana hapa, namuona anatabasamu, ataniambia mzee mbona hata Biblia ina maneno makali. Ni kweli na tusijifiche. Fungueni Wafilipi 3:8 kwenye Biblia yetu ile ya zamani, Union Version, Paulo anasema mambo yote ameyahesabu kuwa kama nini? Someni. Mbona mnaogopa kusoma. Kama mavi. Limo, limechapwa, na bibi zetu walilisoma kwa sauti madhabahuni na paa halikuanguka. Kuna tafsiri mpya zimeweka takataka, nafikiri wamefanya hivyo kwa sababu neno lenyewe limechafuka midomoni mwetu, siku hizi ukienda hospitali nesi anakwambia lete choo, hakuna anayelitaja. Yohana Mbatizaji anawaita watu wazao wa nyoka. Bwana Yesu mwenyewe anamwita Herode mbweha, na Mafarisayo anawapa sura nzima ya Mathayo 23. Eliya pale Karmeli anawachokoza manabii wa Baali, pigeni kelele, labda mungu wenu kalala. Na Martin Luther wetu, sie Walutheri tunampenda na picha yake tunaiweka ofisini, lakini yule mzee alikuwa na mdomo, aliyomwandikia Papa na aliyomwambia shetani mengine siwezi kuyasoma mbele ya kipaimara.

Lakini angalieni walikuwa wanamwambia nani. Yohana anaongea na wakubwa wa dini. Yesu anamwita mbweha mfalme aliyemuua Yohana, sio mama muuza samaki. Ukali wao ulikuwa unapanda juu, wetu unashuka chini. Hakuna konda anayemtukana mwenye gari. Mimi miaka saba bosi wangu nilikuwa namuita mzee shikamoo, na alikuwa ananionea vibaya sana, ila nikitoka pale kwake ndo nammalizia mwanafunzi wa nauli nusu. Hiyo ndo tofauti, na usije ukaniambia unamuiga Eliya wakati unamtukana dada wa kazi.

Kuna na utani, msije mkaniambia mzee kafuta na utani. Mimi Mnyamwezi, mke wangu Mzaramo, alipofariki baba mkwe walikuja watani wangu wa upande ule na wangu wa upande huu wakasemana pale msibani maneno ambayo mtu wa nje angeita polisi, na watu walilia wakicheka. Ule ni mkataba wa babu zetu, umeanza enzi za misafara ya kutoka bara kuja pwani, mnajua mpaka wake na wote wawili mmeukubali. Simba na Yanga pia, utopolo, mikia, kolo, sawa tu. Ila kuna siku mechi inaisha mtu anahama kwenye utopolo anahamia kwa mama wa mtu, na hapo utani umekufa bila kuzikwa.

Na kutukana kwa adabu. Nilisema nitarudi. Kuna watu humu hawajawahi kutamka tusi moja la nguoni tangu wazaliwe na ni hatari kuliko stendi nzima ya Mbagala. Mathayo 5:22 Bwana anakemea mtu anayemwita ndugu yake Raka, maana yake kama kusema kichwa kitupu, hamnazo. Sio tusi la kushtua hata kidogo. Kwenye redio linapita. Anasema itampasa baraza. Kumbe mbele zake ile "jamani tumwombee dada fulani, amechelewa kuolewa mpaka tunaogopa" inayosemwa kwenye maombi ya Jumatano, kwa sauti ya upole kabisa, mbele ya dada mwenyewe, ile ni tusi. Haina neno hata moja bovu. Kanga unayoivaa kumpita jirani yako mara tatu asubuhi ili asome maandishi, ni tusi. Kwaya mnajuana, siendelei.

Haya, sasa nije kwenye kuapa, na hapa mi ndo naona tumelala kabisa.

Tusi tunaliogopa, mtoto akitukana anachapwa. Kiapo hakuna anayekiona. Pita Kariakoo mtaa wowote, haki ya Mungu shemeji hiyo bei nimekupa ya mtaji. Haki ya Mungu hii ni orijino. Nami spea nauza, najua, kwahiyo najisema na mimi. Mungu aliyeumba mbingu na nchi unamleta pale kwenye kibanda asimame shahidi wa brek-pedi ya Uchina. Amri inasema usilitaje bure jina la Bwana Mungu wako. Tunadhani bure ni kusema "Mungu wangu!" ukiona ajali. Mi hiyo wala hainisumbui sana, mama akipiga kelele Yesu wangu akiona mtoto anavuka barabara Tazara, nusu yake ni sala. Bure ni pale unapolitumia kuuzia. Watoto wa kipaimara wanakariri Katekisimo Ndogo, Luther kaiandika 1529, amri ya pili, tusilaani wala kuapa wala kusema uongo wala kudanganya kwa jina lake, bali tuliite katika shida zote. Ameviweka pamoja kulaani, kuapa na kudanganya, ni mtu aliyewahi kwenda sokoni.

Alafu kuna ujanja wa mjini unanichekesha. Kijana wa Kikristo akitaka kudanganya anasema wallahi. Unamuuliza we John wallahi ya nini, anasema hiyo kwangu haihesabiki. Anaazima kiapo cha jirani kama ngazi! Wengine wanasema haki ya nani, ili Mungu asijue anaongelewa yeye. Haya hayajaanza leo, Mathayo 23 Mafarisayo walikuwa wanasema ukiapa kwa hekalu si kitu, ukiapa kwa dhahabu ya hekalu umefungwa, ni haki ya nani ile ile. Ndo maana Bwana akakata yote, msiape kabisa, sio kwa mbingu, sio kwa nchi, sio kwa kichwa chako maana hata unywele mmoja huwezi kuufanya mweupe au mweusi. Maneno yenu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo.

Na kuna kiapo kingine, mama yangu afe. Mnakisikia? Mama tena. Tukitukana tunamtumia mama wa mwenzetu, tukiapa tunamuweka rehani wa kwetu. Sijui huyu mama wa Kiswahili alitufanyia nini.

Petro anajulikana kwa kukana mara tatu, ila someni ile ya tatu inavyosema. Yuko uani kwa kuhani mkuu, baridi, anaota moto, watu wamemtambua kwa lafudhi, hata usemi wako wakutambulisha, ni Mgalilaya, sawa na leo mtu akufahamu Msukuma kwa ulivyosema neno moja tu. Akabanwa. Ndipo akaanza kulaani na kuapa, simjui mtu huyu. Kulaani na kuapa, vyote viwili kwa pumzi moja! Kwanini aape? Kwa sababu ni uongo. Ukweli ungesimama wenyewe. Mimi hesabu ya bosi ikiwa kamili nilikuwa naiweka tu mezani nakaa kimya, ila siku nimepiga panga, yaani nimejikatia yangu pembeni, ndo nilikuwa naapa mpaka jasho. Jogoo akawika. Na Bwana alipomkuta tena kule ziwani, Yohana 21, hakumuuliza habari za ule mdomo wake wala hakumwambia lugha yako mbovu, alimuuliza wanipenda, mara tatu, alafu akampa kazi ya kulisha kondoo. Nikisoma pale huwa napumua.

Mahakamani je? Hili nimeulizwa na mama mmoja kabla sijaanza, ana kesi ya kiwanja. Wakristo wengi wanaapa kwa kushika Biblia na makanisa mengi yanakubali, kwa sababu Paulo mwenyewe anawaandikia Wagalatia kwamba mbele za Mungu hasemi uongo, na kile ni kiapo. Wapo wasiokubali, Wamennonite, Wakristo wenzetu wa kanisa la Mennonite, wamelishika hilo la msiape kabisa tangu karne ya 16, na hapa kwetu wapo, walianza Shirati mkoa wa Mara mwaka 1934. Na sheria yetu haimlazimishi mtu, unaweza kuthibitisha badala ya kuapa. Mi naona ukishika Biblia au usishike, inshu ni kile utakachosema baada ya hapo kuhusu mpaka wa kiwanja.

Na kwa vile tumefika mahakamani, nyie mnaochapana matusi kwenye komenti mjue Kanuni ya Adhabu kifungu cha 89 kinahusika na lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Basi, hilo lipite.

Niwape moja la mwisho kabla ya maswali, kwenye Samweli wa pili sura ya 16. Daudi anamkimbia Absalomu mwanae, mfalme mzima anatembea peku analia. Wakafika Bahurimu akatoka mtu anaitwa Shimei, wa ukoo wa Sauli, anatembea ng'ambo ya kilima sambamba nao anamlaani Daudi, anarusha mawe, anarusha mavumbi, toka, toka wewe mtu wa damu. Abishai akasema huyu mbwa mfu ni nani, niruhusu nikakikate kichwa chake. Daudi akasema mwacheni alaani. Hapa ndo mahubiri mengi yanaishia, Daudi mnyenyekevu, amina, toeni sadaka.

Endeleeni kusoma. Absalomu akafa, Daudi akarudi, Shimei akaja mbio mtoni Yordani na watu elfu moja, akaanguka, nimekosa bwana wangu. Daudi akamwambia hutakufa, tena mfalme akamwapia. Kiapo hicho. Miaka ikapita. Ukienda Wafalme wa kwanza sura ya 2, Daudi yuko kitandani anakufa, anamuusia Sulemani, na katika mambo yote ya ufalme, mfalme mwandishi wa zaburi, anakumbuka nini? Yule Shimei alinilaani laana kali siku ile. Mimi nilimwapia sitamuua. Wewe una akili, utajua cha kumfanya, mvi zake zishuke kuzimuni na damu. Sulemani akamuita Shimei akamwambia jenga nyumba Yerusalemu, kaa hapo, siku utakayovuka kijito cha Kidroni utakufa. Baada ya miaka mitatu watumwa wake wawili wakatorokea Gathi, Shimei akatandika punda akawafuata, akarudi nao, akauawa.

Mtu mmoja, kilima kimoja, mchana mmoja wa matusi. Na aliyetukanwa ni Daudi, mtu aliyesamehe mpaka akaapa, na bado lile neno alilala nalo mpaka kitanda cha mwisho. Kwahiyo ukitukana alafu ukasema yaishe, nilikuwa na hasira, kwako yameisha. Mimi yule mama wa samaki alinisamehe siku hiyo hiyo, amefariki mwaka juzi, nilibeba jeneza. Ila mpaka anafariki, kila mnada nikinyoosha mkono alikuwa ananiangalia. Hakuwa na hasira. Ananiangalia tu.

Haya, maswali. Ee, wewe mwenye jezi.

(Aliuliza: mzee, na mtu akijigonga nyundo kweli, peke yake, hakuna mtu, neno likamtoka?)

Umerudi kwa Mmarekani wako. Sikiliza, ukiwa peke yako na nyundo mi sina kesi na wewe, ila mdomo ni kama konda, ukiuzoesha kuita kituo utaita hata gari ikiwa tupu. Mi jana nimebana kidole kwenye bodi ya Noah ya mteja, na mteja amesimama pale. Nilisema neno.

(Neno gani?)

Nilisema "yeyuwi mama wee." Ndiyo, mama tena, lakini huyu nilikuwa namuita aje anisaidie. Haya, dada wa pale nyuma, na uwe mwepesi maana harufu ya pilau imeshafika huku.